Taa Iliyowaka Kwenye Lami Kavu

Kila alasiri baada ya masomo, Valarie alipitia gereji ya mama yake kabla ya kwenda nyumbani. Gereji hiyo ilikuwa ua wa mabati mtaani Rhonda, kati ya kinyozi na duka la makaa. Mama yake, Namalwa, alikuwa fundi wa magari, na majirani walishazoea kuona miguu yake ikichomoza chini ya lori. Valarie alikuwa mwanafunzi wa Gredi ya Saba. Pale gereji alikusanya spana, akazipangusa mafuta na kuzirudisha sandukuni. Akimaliza, alikalia tairi kuukuu na kufanya kazi ya ziada aliyopewa na mwalimu.

Ijumaa moja alimkuta Kimaiyo, dereva aliyesafirisha viazi kutoka Olenguruone hadi Nairobi. Alikuwa mtu mpole, lakini siku hiyo alizungukazunguka lori lake kama mtu aliyekosana nalo.

"Mama Valarie, hili lori linanitisha," alisema. "Lami ni kavu kabisa, lakini ile taa ya gari linaloteleza inawaka. Nikikanyaga mafuta, injini inakataa. Mara nasikia gurudumu moja limeshikwa na breki, na mimi sijagusa breki."

"Huwaka wakati wote?"

"La. Inawaka ikitaka, inazima ikitaka. Sanasana nikiwa nimebeba mzigo."

Namalwa aliunganisha mashine yake ya kupimia, iliyokuwa na skrini ndogo, kisha akasoma. Mashine ilionyesha kuwa kulikuwa na hitilafu kwenye habari za magurudumu, lakini haikusema ni gurudumu lipi. Valarie aliuliza lori linawezaje kufikiri linateleza wakati halitelezi.

"Kila gurudumu lina sensa yake, na sensa hiyo huiambia kompyuta gurudumu linazunguka kwa kasi gani," mama yake alimweleza. "Gari likienda moja kwa moja, namba zote nne hukaribiana. Moja ikitofautiana na nyingine, kompyuta huamini kuwa gari linateleza. Hapo hupunguza nguvu ya injini na kushika breki ili kumwokoa dereva. Ni jambo zuri, mradi sensa zinasema kweli."

"Kwa hivyo sensa moja inadanganya?"

"Ama sensa, ama waya wake. Mimi nashuku ile ya mbele kushoto, kwa sababu gurudumu lile lilibadilishwa beringi juzi. Lakini hatutabahatisha. Nitaendesha, nawe utaangalia skrini. Namba moja ikishuka peke yake, uniambie ni ipi. Usiondoe macho."

Valarie alifurahi sana. Hakuwa amewahi kupewa kazi kama hiyo. Kimaiyo alibaki kwenye kibanda cha chai, nao wakatoka na lori likiwa tupu, wakapita Kaptembwo na kushika barabara ya Njoro. Namba nne zilipanda pamoja na kushuka pamoja. Baada ya muda zoezi lenyewe likaanza kumchosha Valarie, kwani hakuna kilichotokea.

Walipokaribia matuta, alimwona rafiki yake Natalie kando ya barabara akitoka mazoezi ya voliboli na wenzake. Valarie alitoa kichwa dirishani, akapunga mkono na kuita. Natalie naye akaruka akipunga. Wakati huohuo lori lilipanda tuta, taa ikamulika, injini ikalegea kidogo, kisha kila kitu kikarudi sawa.

"Hiyo hapo!" mama yake alisema. "Ni ipi?"

Valarie alirudisha macho kwenye skrini. Namba zote zilikuwa sawa tena. Angesema hakuona, mama angejua alikuwa akicheza. Alikumbuka maneno aliyoyasikia gereji.

"Mbele kushoto," alisema.

"Una hakika?"

"Ndiyo, Mama. Ilishuka ikarudi."

Namalwa alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Nilijua tu."

Jioni hiyo alifunga sensa mpya mbele kushoto. Waliendesha lori kuzunguka mtaa, taa haikuwaka, na Kimaiyo akaondoka akishukuru. Alimpa Valarie soda na kumwita fundi mdogo. Soda ile Valarie aliinywa polepole, na haikumpendeza alivyotarajia.

Kesho yake asubuhi, akichota maji kwenye mfereji wa ploti walimopanga, alikutana na Natalie.

"Niaje, dereva!" Natalie alicheka. "Jana ulining'inia dirishani mpaka nikadhani utaanguka."

Valarie alimvuta kando, akamweleza yote kwa sauti ya chini. Natalie alisikiliza huku akizungusha kifuniko cha mtungi wake.

"Lakini lori si limepona?"

"Taa haikuwaka tena."

"Basi wacha. Kwani ukisema itasaidia nani?"

Valarie alikubali, kwa kuwa ndilo jibu alilotaka kusikia.

Kabla ya saa sita mchana, simu ya Namalwa ililia gereji. Alikuwa na grisi mikononi, kwa hivyo alimwambia Valarie aweke sauti ya nje. Aliyepiga alikuwa Kimaiyo, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka kukimbia.

"Mama Valarie, niko Mai Mahiu. Nilikuwa napanda mlima na viazi, nikafika kwenye kona. Taa ikawaka. Injini ikakata nguvu, breki ikashika upande mmoja, lori likavutwa kuelekea kwenye ukingo. Trela lilikuwa nyuma yangu likipiga honi. Kibii aliruka kuweka jiwe chini ya tairi, na lile trela lilimpita karibu sana likamkwaruza bega. Nimerudi chini polepole."

"Kibii yuko vipi?" Namalwa aliuliza.

"Amechubuka. Anatetemeka bado, lakini anaongea."

Kibii alikuwa utingo wa lori hilo, kijana mcheshi ambaye Valarie alimjua vizuri. Simu ilipokatika, Namalwa alianza kupekua rafu.

"Labda ile sensa niliyofunga ni mbovu," alijiambia. "Nitabeba nyingine ya mbele kushoto. Isipokuwa hiyo, basi ni kompyuta yenyewe."

Valarie alimtazama akitia sensa kwenye mkoba. Alijua mama yake alikuwa anaenda hadi Mai Mahiu kutengeneza gurudumu ambalo pengine halikuwa na kasoro yoyote, na baadaye Kimaiyo angepanda mlima ule tena.

"Mama," alisema. "Mama, jana sikuona namba."

Namalwa aligeuka. "Unasema nini?"

"Pale kwenye tuta. Nilikuwa nampungia Natalie. Ulipouliza, nikasema mbele kushoto kwa sababu wewe ulikuwa umesema unaishuku."

Namalwa hakupiga kelele. Alipangusa mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja baada ya kingine. Mwishowe alirudisha sensa kwenye rafu, akatia mkobani mashine ya kupimia pamoja na vipuri vya magurudumu yote.

"Chukua sweta," alisema. "Utakuja nami."

Walimkuta Kimaiyo ameegesha kando ya vibanda vya Mai Mahiu, na Kibii ameketi juu ya gunia akiwa na bendeji begani. Namalwa alimweleza Kimaiyo ukweli wote bila kuficha. Valarie alisogea mbele ya Kibii.

"Pole, Kibii. Mimi ndiye niliyesema uongo. Ningesema sikuona, Mama angepima tena."

Kibii aligusa bendeji yake. "Niliona kichwa changu chini ya lile trela," alisema. Hakutabasamu. Kisha akaonyesha lori kwa kidole. "Haya, nendeni mkapime. Bega litapona."

Safari hii walipima lori likiwa na mzigo wake, kwenye barabara tambarare ya bondeni, ambako hapakuwa na magari mengi. Namalwa aliendesha taratibu, na hakutaja gurudumu lolote. Valarie alishika skrini kwa mikono miwili. Walipita mahali pabovu, taa ikamulika mara moja.

"Umeona?"

Jasho lilikuwa limemwingia Valarie machoni, akapepesa.

"Sikuona vizuri, Mama. Nilipepesa."

"Sawa. Tunarudia."

Namalwa aligeuza lori, akarudi palepale. Lori lilinesa, na namba moja ikashuka ghafla huku tatu zikibaki juu, kisha ikarudi.

"Nyuma kulia!" Valarie alisema. "Nyuma kulia, Mama. Nimeona."

"Tunarudia tena."

Walirudia, na ikawa nyuma kulia vilevile. Waliegesha, Namalwa akaingia chini ya lori na tochi. Baada ya muda alimwita Valarie achungulie. Waya wa sensa ya nyuma kulia ulikuwa umechomoka kwenye kishikizo chake. Kila lori lilipobeba mzigo na bodi yake kushuka, waya ulisuguana na springi, na sasa ngozi yake ya plastiki ilikuwa imelika hadi shaba ikaonekana. Lori likiwa tupu, waya uligusa mara chache tu. Ndiyo maana taa haikuwaka walipozunguka mtaani.

Namalwa alibadilisha sensa ile pamoja na waya wake, akaufunga mbali na springi kwa kishikizo kipya. Walipopima tena kwenye ile sehemu mbovu, namba zote nne zilikwenda pamoja, na taa ikabaki imezima. Kimaiyo alipanda mlima akiwa na mzigo wake. Valarie na mama yake walingoja kwenye kibanda wakinywa chai mpaka simu ilipolia.

"Nimefika juu," Kimaiyo alisema. "Limepanda bila shida. Mwambie fundi mdogo nimesikia alichomwambia Kibii, na sina kinyongo."

Namalwa aliweka simu mezani. Alimtazama binti yake usoni.

"Na mimi nilikosea," alisema. "Nilikutajia ninachokishuku kabla hujapima, halafu nikafurahi uliponirudishia maneno yangu. Sitarudia. Lakini wewe nisikilize, Valarie. Nikikuuliza jambo nawe hukuliona, niambie hukuliona. Hilo nalo ni jibu, na haligharimu zaidi ya kurudi nyuma tukapima upya. Jibu la uongo linapanda na dereva hadi kwenye kona, na yeye hajui kama analibeba."

"Nimeelewa, Mama."

"Vizuri. Maliza chai, twende. Bado tuna safari ya kurudi nyumbani."