Muziro Wetu ni Kamongo

Haya yalimpata kaka yangu Jovin, tumbo moja na mimi, kwa hiyo asije mtu akaniambia ni maneno ya kilabu cha pombe ya rubisi. Nilikuwepo. Nilikuwa nyuma yake kwenye baiskeli ya pili, nikimlaani kila tulipofika mlimani.

Jovin alikuwa fundi baiskeli hapa kijijini kwetu Kamuli. Mwaka jana mwezi wa sita alipata wazo la kuwapangia mzunguko watu wa Bukoba wanaopenda kuendesha baiskeli siku za mapumziko. Wangetoka hapa asubuhi, washuke hadi ziwa dogo lililo bondeni, wafuate ufuko, kisha wapande kurudi katikati ya mashamba ya kahawa. Kilomita arobaini na mbili, si za kumtoa mtu roho, si za kumpa usingizi. Njiani wangesimama mara tatu kula samaki. Tukatoka Jumamosi kuijaribu njia. Yeye aliandika kwenye daftari kila mteremko, kila kivuli na kila mahali pa maji. Kazi yangu mimi ilikuwa kuonja.

Kituo cha kwanza kilikuwa mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha samaki, sato wa kukaanga kwa ndizi, safi kabisa. Cha pili kilikuwa kwa mzee Apolinary, kambale wa moshi, mtamu ila nzi wanagombania nawe tonge. Nilimwambia Jovin akifute. Akacheka tu.

Cha tatu kilikuwa kwa Bibi Adelgunda, mjane anayekaa kando ya matete. Tulimwamkia shikamoo, akatupa kahawa ya kutafuna, kisha akauliza swali ambalo wazee wa kwetu humuuliza mgeni kabla ya kumpakulia: ukoo wenu ni upi? Kwenye chungu alikuwa na kamongo.

Asiyetoka kwetu aelewe. Kila ukoo una muziro, kitu ambacho watu wake hawali. Wetu ni kamongo, yule samaki mrefu wa kuteleza mwenye mapafu, ambaye maji yakikauka hujizika kwenye tope na kungoja mvua ndani ya ute wake. Mama yetu Benadeta hata jina la samaki huyo halitaji wakati wa kula. Jovin alijua yote hayo. Lakini alitaka kituo cha tatu, na chungu kilinukia. Akajibu kwamba sisi ni Bahinda, ukoo wa watawala wa zamani. Bibi akamtazama, akauliza tena. Akajibu vilevile. Mara ya tatu bibi akanigeukia mimi. Nikainama kufunga kamba ya kiatu.

Nilisingizia tumbo. Jovin alimaliza sahani mbili, mchuzi ukivutika kama bamia kutoka kwenye vidole hadi mdomoni. Hadi leo nikiukumbuka, mate hunijaa ya kutaka kutapika.

"Mjukuu wangu," bibi alisema tulipoaga, "kama kuna neno ulisahau kuniambia, liseme kabla hujatoka uani kwangu."

Jovin akamshukuru kwa chakula.

Siku ya nne spana ilimponyoka mkononi. Nilidhani ni grisi. Ulikuwa ute wa kijivu, unatoka kwenye ngozi yake. Ukiufuta, unarudi. Unanuka tope. Zahanati walimpa krimu, haikushika. Mashuka yake yalikauka yakawa magumu, unayavunja badala ya kuyakunja. Mama aliniomba nimwoshe. Nilifika mlangoni, nikageuka, nikatapika nje. Nasema wazi: nilimwonea kinyaa kaka yangu, na kinyaa kilizidi huruma.

Nikamweleza mama ukweli. Tukamrudisha kwa bibi kwa bodaboda, amefungwa blanketi. Bibi hakutugombeza. Alisema aliyeukana ukoo wake mbele ya chungu ni lazima autaje kwa mdomo wake mwenyewe, na mtu wa damu yake amsikie, amwitikie. Dawa nyingine hakuna.

Jovin akafungua mdomo. Ukatoka ute.

"Sema, mwanangu," mama alinong'ona. "Neno moja tu."

Alijaribu mpaka akalia. Machozi nayo yalivutika.

Kiangazi kikashika. Mchana mmoja tukakuta kitanda kitupu. Tulifuata mburuzo hadi kwenye migomba, pale tunapomwaga maji ya kuoshea vyombo. Udongo ulikuwa umefumba. Palibaki tundu moja, upana wa kidole gumba. Nikaweka sikio. Kulikuwa na pumzi. Kisha kimya. Kisha pumzi.

Nilikimbilia jembe, mama akalishika mpini. Alisema nikichimba nitamkata. Mvua ikija atatoka, na akitoka atasema. Miezi mitatu mama alikaa pale kwenye mkeka, akimfundisha jina la ukoo kwa lugha yetu ya Kinyambo, polepole, kama alivyotufundisha tukiwa wadogo. Mimi sikupita jikoni kwenda kule. Harufu ilinitosha.

Mvua ya kwanza ilinyesha Jumapili usiku. Ilipiga bati mpaka watu wa chumba kimoja hawasikiani. Asubuhi shimo lilikuwa limefumuka. Ndani palikuwa na utando wa kahawia, mkavu, wenye umbo la mtu aliyekumbatia magoti.

Mburuzo haukwenda ziwani moja kwa moja. Ulikuja nyumbani kwanza. Ulifika mlango wa nyuma, na chini kabisa ya ubao, usawa wa kifundo cha mguu, palikuwa na alama za midomo. Nyingi. Zimebandikwa moja juu ya nyingine kwenye upenyo. Kisha mburuzo uligeuka, ukateremka bondeni.

Mama alipiga magoti, akazigusa. Akaniuliza kama nilisikia chochote, kwa kuwa chumba changu ndicho kilicho kando ya mlango ule. Nikamwambia mvua ilikuwa kubwa.

Nilisikia. Alilitamka jina la ukoo vizuri kabisa, tena na tena, na kila akilitaja alingoja. Ilitosha niseme "naam". Lakini ile harufu ilikuwa imepenya chini ya mlango, nami nikajifunika shuka puani, nikabana mdomo mpaka akaondoka.

Tumekwishaupiga ule ubao msasa mara mbili na rangi juu yake. Alama bado zipo, na ukizigusa zinateleza.