Baba Yupo Kazini

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Carys Probert alimpelekea baba yake chai na vidonge vyake. Kisha alisimama kando ya dirisha la sebuleni na kuchungulia mtaani kupitia upenyo wa pazia. Kulifungua pazia lenyewe hakuruhusiwa.

"Lile gari lipo?" baba aliuliza kutoka juu ya ngazi.

"Halipo, Baba. Yupo paka wa Bwana Pugh tu."

"Angalia tena. Hao wanajua kujificha."

Carys alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Aliishi na baba yake, Emrys, katika nyumba ya mwisho ya mtaa mmoja wa Llanelli, mji wa pwani kusini mwa Wales. Mama yake alikuwa na familia nyingine huko Cardiff. Zamani Emrys alifanya kazi katika kiwanda cha mabati, mpaka ugonjwa wa sonona ukamwangusha. Zilikuwepo siku alizopika na kutania, na zilikuwepo siku ambazo hata kunyoa ndevu kulimshinda. Posho ya ugonjwa kutoka serikalini ndiyo iliyolipa kodi ya nyumba na chakula.

Mwezi wa Septemba serikali iliwaandikia kwamba posho ile ya zamani inafutwa. Kila aliyekuwa akiipata alitakiwa aombe mpya, kwa kompyuta, kabla Oktoba haijaisha.

"Ni mtego huu," baba alisema. "Wanataka tuanze upya ili watutafutie kosa."

Kwa kinyozi alikuwa amesikia habari za mtu aliyepigwa picha na wapelelezi wa serikali akimwagilia maua, akanyimwa posho kwa kuwa eti ni mzima. Jina la mtu huyo hakuna aliyelijua, lakini Emrys aliamini. Tangu siku hiyo aliacha kwenda kwenye kibustani chake cha mboga za liki nyuma ya reli, ingawa muuguzi wa kliniki alimwambia kwamba kibustani kile ni nusu ya dawa yake. Akaacha kwenda kliniki pia. Simu ikiita, waliiacha iite mpaka inyamaze.

Ndipo likaanza kuonekana gari la buluu. Ndani yake alikaa mwanamke mwenye koti la mvua la njano, akiitazama nyumba yao.

Hata shuleni walilijua pazia lile. "Nyie kwenu mnafuga popo?" Gethin alimtania Carys mbele ya darasa zima. Carys alicheka pamoja na wenzake ili wasimuulize zaidi.

Jumamosi moja ya mvua mlango ukabishwa. Carys aliufungua kidogo, mnyororo ukiwa bado umefungwa. Alikuwa yule mwanamke.

"Habari, binti. Mimi naitwa Meleri. Baba yupo?"

Carys alimtazama kuanzia viatu hadi kofia. Baba alikuwa amemwambia aseme lolote, ila asiseme yupo ndani.

"Hayupo. Yupo kazini."

"Kazini? Siku hizi anafanya kazi?"

"Ndiyo. Kila siku."

"Haya," mwanamke alisema polepole. "Mwambie nilipita."

Mlango ulipofungwa, ndipo Carys alipong'amua alichokisema. Kama mtu yule alikuwa mpelelezi, basi yeye, kwa kinywa chake, amemwambia kwamba baba anayelipwa kwa ugonjwa huenda kazini kila siku! Hakumwambia baba.

Novemba ilipofika, pesa hazikuingia. Baba alirudi kutoka benki na mfuko mtupu, kofia ya koti imefunika uso.

"Tayari wameshatufanyia," alisema. "Kuna mtu amesema kitu. Nani? Pugh? Yule hata paka wake simwamini."

Jirani yao, Bwana Pugh, alipoleta supu, baba alikataa kuipokea. Carys alimwona mzee akirudi kwake na sufuria yake mkononi, akaona haya. Mkosaji, aliamini, ni yeye mwenyewe. Siku zilizofuata baba hakutoka kitandani, na vidonge vilibaki kwenye kisahani. Jambo hilo lilimtisha Carys kuliko gari lolote.

Gari la buluu liliporudi, alitoka mbio mvuani na ndala miguuni, akagonga kioo.

"Nilikudanganya!" alisema huku akilia. "Baba hafanyi kazi. Ni mgonjwa, yupo ndani, haamki. Tafadhali usiwaambie anafanya kazi!"

Meleri alifungua mlango wa gari. "Nimwambie nani, mwanangu? Ingia, unalowa."

Alieleza kwamba alitoka ofisi ya kusaidia watu waliobadilishiwa posho. Muuguzi Delyth wa kliniki ndiye aliyemtuma. Alipiga simu, hazikupokelewa, kwa hiyo akawa anangoja nje labda Emrys atatoka. "Posho imekatika kwa sababu muda umepita na hakuna aliyeomba mpya. Wewe hukuikata. Lakini uliponiambia anafanya kazi, nilidhani hamhitaji tena msaada. Ndiyo maana nimechelewa kurudi."

Emrys hakukubali kirahisi. "Koti la njano mtu yeyote anaweza kununua," alisema kutoka nyuma ya mlango. "Mpigie Delyth. Nataka nisikie sauti yake."

Sauti ya muuguzi ikatoka kwenye simu: "Emrys, wewe! Mfungulie mwenzako kabla hajaota uyoga!"

Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, baba alitabasamu. Mlango ukafunguliwa.

Delyth alikuja siku hiyohiyo kuhusu dawa. Meleri alimsaidia Emrys kuomba posho mpya na kueleza sababu ya kuchelewa. Baadaye ikaja siku ya kuhojiwa na ofisi ya posho kwa simu, Meleri akiwepo. Baba alichana nywele, akakaa wima kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkuu.

"Bwana Probert, hujambo? Unaendeleaje?" afisa aliuliza.

"Sijambo kabisa."

"Unaweza kutoka nje peke yako?"

"Bila shida."

Carys alimtazama Meleri, naye Meleri akamtazama Emrys. Carys aliushika mkono wa baba. "Baba," alinong'ona, "mwambie ya Jumanne."

Jumanne iliyotangulia baba alikuwa amevaa koti aende dukani. Alisimama mlangoni muda mrefu, mkono juu ya kitasa, kisha akaketi kwenye ngazi na kulia.

Emrys aliisogeza simu karibu. "Bibi, samahani," alisema. "Nimekujibu kama ninavyomjibu jirani. Naomba tuanze upya."

Akasema yote. Hakuacha kitu, hata ya Jumanne.

Posho mpya ilikubaliwa kabla ya Krismasi. Emrys hakuamini mpaka alipokwenda benki mara mbili. Siku hiyo alimpelekea Bwana Pugh vikeki vya zabibu alivyooka mwenyewe, akamwomba radhi. Aliporudi, aliketi mezani na Carys.

"Wewe ulisema niko kazini," alisema. "Mimi nikasema sijambo. Kila mmoja alidhani anatukinga, na wote wawili nusura tujimalize. Ugonjwa wangu si aibu, mwanangu. Ni kama mguu uliovunjika, ila hauonekani, kwa hiyo lazima tuuseme. Tukiingiwa na shaka juu ya mtu, tumuulize yule tunayemjua, tusijifungie. Na wewe ukiogopa, usibebe peke yako. Niambie mimi. Mimi nikiwa sisikii, mwambie Delyth, au mwalimu wako."

"Hata kama umenikataza?"

"Hasa kama nimekukataza," baba alisema.