Ubao Chini ya Kiti cha Mama

Asubuhi hiyo nyumba ya seremala ilikuwa imetulia. Mama yake mzazi alikuwa kibarazani akiota jua, na mkewe alikuwa anafagia gari lao la familia, lile lenye safu tatu za viti na mlango wa pembeni wa kusukuma. Alipoinua zulia la nyuma, ufagio ulitumbukia. Akainama, akaona kokoto za uani.

"Baba watoto, njoo uone. Gari letu limeota dirisha chini."

Kutu ilikuwa imekula bati pale hasa kiti cha nyuma kilipofungwa. Jirani yao, mchomeleaji vyuma, alikuwa na gari la aina hiyo hiyo. Alichungulia, akatikisa kichwa.

"La kwangu lilioza papo hapo. Usimpakie mtu. Nipe siku nne, nikate bati bovu lote nichomelee jipya."

"Siku nne kwa tundu kama hili? Nusu ya mtaa huu inalala kwenye vitanda vyangu."

"Kitanda hakikimbii barabarani, fundi."

Seremala alicheka, lakini neno lile lilimchoma. Sasa sikieni, ndugu zangu, maana hapa ndipo alipopotea, na kilichompoteza ni ufundi wake mwenyewe. Alichagua ubao mnene, akaupima mara tatu, akaupiga msasa na vanishi. Akakifunga kiti juu yake kwa bolti, kisha akaukaza ubao kwa skrubu kwenye bati lililobaki. Bati hilo lilikuwa na rangi nzuri juu, chini limeliwa. Akatandika zulia. Akakivuta kiti kwa mikono miwili, hakikutikisika.

Wiki mbili kiti kililia kila walipopita kwenye shimo.

"Baba watoto, kiti kinalia," mkewe alisema.

"Ubao mpya huo. Utazoea."

"Hata mifupa yangu inalia," mama akadakia kutoka nyuma, "mbona mimi hamnipigi vanishi?"

Wakacheka wote watatu. Mke hakulisema tena.

Siku ya kliniki ya mama, wakirudi, mwendesha baiskeli alikatiza ghafla. Seremala alikanyaga breki. Gari lilisimama, kiti cha nyuma hakikusimama. Kiti, ubao na mama aliyefungwa mkanda wa kiti hicho vilikuja mbele kwa pamoja, vikagonga safu ya kati. Mwendesha baiskeli hakupata hata mchubuko. Mama alikata roho kabla hawajafika hospitali.

Walipoutoa ubao, ulikuwa mzima. Haukuwa na ufa, vanishi inang'aa, skrubu zote zimesimama wima na magamba ya kutu kwenye meno yake. Kazi ya seremala haikuvunjika; bati ndilo lililoachia. Hilo ndilo linalomtafuna mpaka leo. Mteja akija karakana na kukalia kiti ili akijaribu, seremala hugeuza uso ukutani. "Simama, tafadhali," husema, na sauti yake si ya mtu anayeuza.

Na mkewe? Hamlaumu kwa mdomo. Ila tangu siku ile hakalii kiti, hula chakula chake juu ya mkeka. Mwaka ulipopita, mume alimtengenezea kiti kizuri chenye mikono, akakileta ndani mwenyewe.

"Ahsante. Weka hapo," mke alisema.

Akakianikia nguo.

SOMO LA KUBEBA NYUMBANI

Zulia na rangi huficha kutu, haziiponyi. Gari likioza pale kiti, mkanda au mlango ulipofungwa, acha kulipanda, hata kama safari ni ya maana. Ufundi wa mkono wako una mpaka, na kumpisha mwenye kazi yake hakukupunguzii heshima. Nawe unayepanda, ukisikia mlio, sema. Ukichekwa, sema tena, kisha ushuke. Mke yule alisema mara moja tu, na ukimya wake wa siku zile anao bado.