Nozeli Mbili za Kola Nyekundu

Maiti ilikuwa bado imefungwa mkanda kitini.

Ndege yenyewe, ndogo ya viti viwili, iliyoundwa kwa mikono ndani ya banda la mabati, ilikuwa imelala kifudifudi katika shamba la alizeti, hatua mia nne tu kutoka mwisho wa kiwanja cha ndege. Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi. Injini ilikuwa bado inafuka.

"Shingo," alisema daktari wa polisi akivua glavu. "Hakuteseka. Kama hilo linamsaidia mtu."

Inspekta alikuwa akiandika. Marehemu alikuwa na miaka thelathini na minne, mwalimu wa fizikia, mume wa mtu, baba wa binti wa miaka minne. Alinunua injini ya gari lililogongwa, ile ya rota, isiyo na pistoni, akatumia miaka sita kuifundisha kuruka. Asubuhi hii iliruka kwa dakika moja na ushee.

Sajenti, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi, alimleta mlinzi wa kiwanja.

"Mwambie afande ulichoniambia."

"Jana walikuwa wanagombana," mlinzi alisema. "Yeye na mwenzake, huyo fundi wa kuchomelea wanayemwita Msumari. Msumari alikuwa anapiga kelele: 'Utakufa, halafu mimi ndiye nitakayeulizwa!'"

"Basi ngoja tumuulize," alisema Inspekta.

Msumari walimkuta bandani, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Macho yalikuwa mekundu, na safari hii si kwa moto wa kuchomelea.

"Mligombania nini?"

"Kamba."

"Kamba gani?"

Msumari alinyoosha kidole kwenye nguzo ya zege nje ya banda. "Kila tukigusa injini, tunafunga mkia wa ndege pale. Tunakanyaga mafuta mpaka mwisho, dakika kumi, tunaangalia joto. Ikikohoa, inakohoa ikiwa chini. Jana kabadilisha nozeli, vile vimirija vya kunyunyizia mafuta, halafu anasema leo anaruka tu, hafungi kamba. Nikamwambia umeingiwa na wazimu."

"Akasemaje?"

"Alicheka." Msumari alijifuta pua kwa mgongo wa kiganja. "Afande, mimi ningemuua kwa faida gani? Sina rafiki mwingine. Muulize hata mke wangu, atakwambia ndege hii ilikuwa mke mwenza."

Juu ya benchi palikuwa na daftari la marehemu. Kila jaribio la kamba lilikuwa na tarehe, joto na saini mbili. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mstari mmoja na saini moja. Inspekta aliusoma, akalifunga daftari, akalitia kwenye mfuko wa vielelezo.

Majibu ya maabara yalitoka siku ya tatu. Mtaalamu wa injini alikuwa kijana mwenye haraka, lakini alieleza kwa utulivu.

"Injini hii ina nozeli nne. Mbili zinamwaga mafuta muda wote. Mbili zinaamka pale tu unapokanyaga hadi mwisho, kama wakati wa kupaa. Za kwanza ni sawa. Hizi za pili ni ndogo kuliko zinavyotakiwa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ikitembea chini, inaimba vizuri. Ukipaa, hewa inazidi mafuta. Joto linapanda, sili za ncha za rota, zile zinazozuia hewa isivuje, zinavunjika, injini inazima. Hicho ndicho kilichotokea."

"Ajali, basi. Mtu kakosea saizi."

"Ningesema hivyo." Alisukuma picha moja mezani. "Nozeli hutambulika kwa rangi ya kola, ile pete ya shingoni. Kubwa nyekundu, ndogo buluu. Hizi ni nyekundu. Nikakwangua. Chini ya nyekundu kuna buluu."

Sajenti alivuta pumzi. "Mtu kazipaka."

"Kazipaka vizuri. Mtu mwenye mkono mtulivu. Ila mimi nimekadiria tu saizi, mahakama itataka kipimo kamili, na sina mashine."

Mashine ya kupimia nozeli ilikuwa moja tu mjini. Ilikuwa ya baba wa marehemu.

"Tunampelekea mfiwa?" aliuliza Sajenti garini.

"Tunampelekea."

Mzee alikuwa peke yake karakanani, ndani ya ovaroli iliyopigwa pasi. Miaka arobaini alikuwa akisafisha na kupima nozeli za malori, matrekta, magari ya wagonjwa. Sakafu ilikuwa safi kuliko ya zahanati. Alizipokea nozeli mbili bila kuuliza zimetoka wapi, akazifunga kwenye mashine, akawasha. Mafuta yalinyunyizwa kama ukungu ndani ya mirija miwili ya kioo. Dakika moja. Akazima, akavaa miwani, akainama.

"Mililita mia mbili na hamsini kwa dakika," alisema. "Na hii nyingine, mia mbili na hamsini."

"Zilitakiwa ngapi, mzee?"

"Mia nne. Injini ile ina nguvu za farasi mia na themanini. Nilimpigia hesabu mwenyewe. Mia nne kila moja, ili ibaki akiba."

"Nani alizipima mara ya mwisho?"

Mzee alichukua kitambaa, akafuta mirija ambayo haikuwa na doa.

"Ungeweza kunitajia namba nyingine," Inspekta alisema taratibu. "Nisingejua."

"Mashine hii sijawahi kuisemea uongo." Akaketi. "Nilizipima mimi. Nikazipaka rangi mimi."

"Kwa nini?"

"Jumapili angempandisha mjukuu wangu." Alikikunja kitambaa. "Nilimsihi mara tatu. Nikamwambia, mwanangu, injini ya gari ikifa unaegesha pembeni, huko juu utaegesha wapi? Akanibusu kichwani. Akasema, 'Baba, una woga wa kizamani.' Ningekataa kumpimia, angepeleka kwingine."

"Kwa hiyo ukaamua kumuangusha."

"Hapana!" Kwa mara ya kwanza mzee alipaza sauti. "Nilitaka ishindwe chini! Kwenye kamba. Dakika ya kwanza, ya pili, angeona joto limepanda. Angefungua injini, akute sili zimevunjika, akate tamaa. Miaka sita hajawahi kuigusa injini ile bila kuijaribu kwenye kamba, hata siku moja. Mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha." Akamtazama Inspekta. "Siku tatu sijalala najiuliza. Ilipitaje kwenye kamba? Niambie, mwanangu. Nilikosea wapi hesabu?"

Sajenti aligeukia dirishani.

Inspekta angeweza kunyamaza. Lakini mzee huyu, aliyekuwa na kila sababu ya kudanganya, alikuwa amemtajia namba ya kweli. Alilitoa daftari, akafungua ukurasa wa mwisho, akaliweka juu ya benchi.

Mzee alisoma kwa kidole. *Nozeli kapima Baba mwenyewe. Leo hakuna haja ya kamba.*

Alisoma tena. Kisha akaanza kufungua vifungo vya ovaroli, kimoja kimoja, akaivua, akaikunja, akanyoosha mikono yote miwili ili afungwe pingu.

"Maelezo yako utaandika kituoni, mzee."

"Nitaandika."

Sajenti alifunga karakana kwa kufuli.

Kituoni, kwenye benchi la mapokezi, alikuwa amekaa mke wa marehemu na karatasi ya hospitali mkononi. Msumari alikuwa amesimama nyuma yake, amembeba yule mtoto aliyelala. Mzee walikuwa wamempitisha mlango wa nyuma.

"Afande, wamekubali kututolea mwili," mwanamke alisema akiinuka. "Ila lazima mkubwa wa familia atie saini. Nimepita karakanani kwa baba, nimekuta kufuli. Mmemwona?"

"Kaa kwanza, dada."

"Siwezi kukaa, watu wapo makaburini. Baba ndiye atakayemshusha mwanawe. Hakuna mwingine." Alimtazama Inspekta usoni, kisha Sajenti, kisha Inspekta tena. "Yuko wapi baba?"