Kadi ya Damu ya Masele

Kisomadamu kilifyonza tone moja kutoka kisigino cha kichanga, kikanguruma, na kabla mtoto hajamaliza kulia kilikuwa kimeshapima mafuta yote yaliyomo damuni. Katika Tabora ya mwaka 2094, hakuna mtoto aliyetoka wodi ya wazazi bila kuchomwa. Taa nyekundu iliwaka.

"Nyamizi, mdogo wangu, nisikilize," alisema Daktari Kalunde, aliyeunda kifaa hicho. "Tumbo likiwa tupu, mwili huunguza mafuta yake upate nguvu. Mwanao amerithi kasoro, hana kimeng'enya cha kazi hiyo. Akikaa na njaa, anazimika. Mnyonyeshe kila baada ya saa tatu. Akitapika, mbio hospitali. Atakua, na ataoa."

Nyamizi hakufurahi. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Na Masele?"

Masele, mwanawe wa kwanza, alikutwa amekufa ubavuni mwake miaka sita iliyopita. Mtaa mzima ulisema kamlalia. Tangu hapo maskini huyu hulala ameketi, mgongo ukutani. Miaka sita, jamani!

"Kisomadamu hakikuwepo enzi zile," Kalunde alisema, "ila kadi ya damu yake, tone lililokaushwa alipozaliwa, imehifadhiwa."

"Ya nini kumsumbua marehemu?" alidakia Bi Kabula, mama mkwe. "Mwacheni apumzike."

"Isome," alisema Nyamizi.

Kadi ikaingizwa. Taa ikawaka nyekundu.

"Hukumlalia," Kalunde alisema. "Ni ugonjwa huuhuu. Je, alikaa muda mrefu bila kunyonya?"

Nyamizi hakujua. Siku ile alikuwa na homa kali, na mtoto alikuwa kwa bibi yake. Wote wawili wakamgeukia Bi Kabula, ambaye kanga aliyokuwa akiikunja ilimponyoka.

"Alitapika," alisema. "Nikampumzisha tumbo, kama nilivyowafanyia wanangu wote. Kutwa nzima, maji tu."

"Hukujua, mama," Kalunde alimtuliza.

"Ugonjwa sikuujua." Bi Kabula alianza kulia. "Lakini alifia mikononi mwangu, Nyamizi. Niliogopa. Ulikuwa umelala, nikamlaza ubavuni mwako."

Kisomadamu kilizima taa yake. Nyamizi akamtoa mtoto kwenye kitanda chake kidogo.

"Nipishe, mama," alisema. "Nataka kulala na mwanangu."

Akajinyoosha kitandani, akamweka mtoto kifuani, akampa ziwa.