Koki za Dhahabu Nilizompakia Mgeni

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mbili, naishi Chumbi kwa kaka yangu. Kabla ya hapo nilikuwa na mume na nyumba Kibiti… Leo nikiona kitu chochote cha rangi ya dhahabu, hata bangili, natema mate. Ptuu!

Mume wangu, Baba Rehema, ni mchuuzi wa kamba wa baharini. Huwafuata Mbwera kwa boti, akakaa siku kadhaa, akarudi. Safari moja alirudi ananukia marashi badala ya kamba, nami mjinga nikafurahi!

Akaniambia, "Mama Rehema, kuna mgeni anakuja. Bafu letu linatia aibu, koki zimefubaa."

Mgeni gani tena kama si mama mkwe wangu? Alikuwa anaumwa macho, na ilishazungumzwa kwamba atakuja kutibiwa. Kiswahili chetu nacho! Mgeni ni mgeni tu, hakikwambii ni kikongwe au ni kigoli.

Kuweka koki mpya kungetaka kuvunja marumaru, maana mabomba yamezikwa ukutani. Basi akaniletea kopo la rangi ya dhahabu ya kupuliza. Nilizipiga msasa koki zote, na bomba la mvua, hata chuma cha kutundikia taulo. Nikafunika marumaru kwa magazeti, nikapuliza mpaka nikatema makohozi ya dhahabu! Kifua kilinibana, lakini nikajiambia mama atafurahi.

Mgeni akashuka kwenye bodaboda… Yarabi! Binti wa rika moja na mwanangu Rehema, hina mpaka viwikoni. Aliomba kuoga kwanza. Alipotoka akanishika mkono kwa adabu zote, akasema, "Dada, ahsante. Mume wetu ameniambia umeridhia, tena koki umezipaka mwenyewe kunipokea."

Mume wetu! Nilimgeukia Baba Rehema. Anakula wali wangu wa nazi, hata tonge halikumkwama!

Jamani, sikatai, dini imeruhusu. Lakini ndiyo nimpambie mke mwenzangu bafu huku nadanganywa? Huo si ujanja, ni uchafu!

Hata hivyo nilivumilia. Nyumba ile nilichota maji ya kufyatulia matofali yake kwa kichwa changu. Ningeiacha niende wapi?

Alfajiri moja nikafungua koki nitie udhu. Rangi ikanibandukia viganjani, ikaganda kama magamba ya samaki. Kila anayeswali anajua, maji yasipofika kwenye ngozi, udhu huo haupo. Nikasugua kwa mafuta ya taa mpaka mikono ikawaka, huku nalia. Swala ikanipita…

Kulipokucha mume wangu akachungulia bafuni, akakunja uso. Mnajua alisema nini?

"Mama Rehema, rangi imebanduka, bibi harusi analalamika. Hebu zipulizie tena."

Tena! Kinyaa kilichonipanda siku hiyo siwezi kukieleza. Nilichukua msasa, nikazikwangua koki moja moja mpaka zikafubaa kama zamani. Nikaoga. Nikatia udhu, maji yakanifika vizuri, nikaswali, nikafunga nguo zangu kwenye kanga nikaondoka. Talaka nimeidai mwenyewe, na nyumba wanakaa wao.

Dada zangu mnaosoma, nawaomba sana. Mumeo akikwambia kuna mgeni anakuja, usikimbilie kupaka chochote. Muulize kwanza… mgeni wa siku ngapi?