Walinzi Watatu wa Wakonyo

Jua lilikuwa linazama na Wakonyo alikuwa amebakisha kona moja tu afike kituo cha maziwa, nje kidogo ya Kitale, simu ilipotetema mfukoni. Aliweka mtungi chini, akasoma.

"Mlinzi wa kwanza amekubali. Anasubiriwa mmoja."

Yeye hakuwa ameomba kitu.

Ili umwelewe, jua kwanza habari ya kitambulisho chake cha simuni. Wafugaji wa pale walikuwa wamejiunga na mpango mpya. Kitambulisho hakikai ofisi yoyote, kinakaa kwenye simu yako, na ufunguo wake unao wewe peke yako. Hakuna bosi wa kukunyima, hakuna karani wa kukuambia njoo kesho. Wakonyo aliupenda kweli. Ila ukiupoteza ufunguo, hakuna pia wa kumlilia. Ndiyo maana unachagua walinzi watatu unaowaamini. Wawili wakikubali kwamba huyu ni wewe, ufunguo mpya unazaliwa na ule wa zamani unakufa.

Walinzi wake walikuwa Ngige, ndugu yake waliyeishi naye boma moja. Peris, rafiki yake muuza ndizi wa Chwele. Na nyanya yake. Shida ni kwamba nyanya alikuwa marehemu.

Usimcheke. Alipewa jina la huyo nyanya, kama desturi ya Wakikuyu ilivyo, na baba yake alimwita "mama" tangu akiwa mchanga. Kwao, wawili hao walikuwa mtu mmoja. Laini ya nyanya aliiweka hai, akaifungia sandukuni, akajiona mjanja: mlinzi mmoja ni mimi mwenyewe.

Hakukumbuka jinsi nyanya alivyokufa. Siku ya mwisho wanawe walimkamata mkono kwa nguvu, wakabonyeza dole gumba lake kwenye karatasi za shamba. Alipiga kelele mpaka pumzi ikamwishia, akisema atarudi kuchukua kilicho chake.

Wakonyo alimpigia Peris.

"Mimi sijakubari kitu, dada," Peris alinong'ona. "Si uulize Ngige?"

Simu ya Ngige iliita, ikaita... haikushikwa.

Aliacha mtungi barabarani, akakimbia.

Boma lilikuwa kimya. Mbwa alikuwa amelala mlangoni, shingo imezungushwa hadi nyuma. Ndani kulikuwa giza, na harufu ya ugoro ilitoka humo, ugoro mkali aliokuwa akinusa nyanya. Kisha akasikia mlio. Pu... pu... pu... Kitu kizito kilikuwa kinagongwa ukutani.

Kilikuwa kichwa cha Ngige.

Mwanamke alikuwa amemshika kisogoni kwa nyuma, anamgonga bila kusema neno. Wakonyo alichomoa panga lililokuwa juu ya mlango. Yule akageuka. Kwa mwanga mdogo wa nje Wakonyo aliona uso wake mwenyewe, hadi kovu la kidevuni.

Akakata.

Panga lilipita kwenye mkono ulioinuliwa, vidole viwili vikaanguka sakafuni. Yule mwanamke alijitupa chini kando ya Ngige, akalia kwa sauti ya Wakonyo.

"Ngige, ananiua."

Ngige hakuwa amemwona aliyempiga. Alipapasa simu yake, akawasha tochi, akapangusa damu machoni. Akaona dada mmoja chini, mkono umekatwa, anatetemeka. Akaona dada mwingine amesimama na panga linalodondoka damu. Na kwenye simu, swali lilikuwa linangoja: "Je, huyu ni Wakonyo?"

"Usibonyeze," Wakonyo alimwambia. "Mimi ndiye dada yako."

Lakini panga hakuliweka chini. Aliogopa mno.

Ngige aliielekeza simu kwa yule anayelia. Akabonyeza.

Simu ya Wakonyo ikapata moto mfukoni, ikazima. Alifungua mdomo aseme jina lake... mdomo ukajaa udongo. Alitema, akajaribu tena. Udongo tu. Wakati bado anakohoa, Ngige alimrukia, akampokonya panga na kumkata begani hadi mfupa ukalia. Wakonyo alitoka mlangoni, akaingia kwenye mahindi akijikokota, damu ikimchuruzika. Nyuma yake alisikia ndugu yake akimbembeleza yule mwingine, akimwambia pole.

Siku hizi Wakonyo mwenye vidole vitatu ndiye anayepeleka maziwa. Simu inamfungukia bila tatizo. Kanisani walimwombea apone, na Peris alimtumia mkungu mzima wa ndizi. Ugoro alianza lini, hakuna anayemuuliza.

Na giza likianza kuingia, kuna kitu husimama kwenye ua wa boma. Hakina jina la kujitaja. Hakuna ofisi ya kukipokelea malalamiko, maana hakuna ofisi iliyowahi kukijua. Kinachokiuma zaidi ya bega ni kwamba kinampenda Ngige.

Jana kilimwita, "Kamwana," jina ambalo dada yake pekee alimwita utotoni. Ngige alisimama. Akapiga hatua moja kuelekea uani. Yule wa vidole vitatu akatoka nyumbani, akamwekea jiwe mkononi.

Ngige alilia huku akilirusha. Alilenga vizuri.